Kabla hajaonekana mgonjwa

Naandika hii, kuhusu ugonjwa adimu wa kurithi unaoitwa Hurler na kwa nini lazima uwahiwe, kwa ajili ya mama mmoja ambaye simjui. Mwanae ana miezi nane, labda kumi. Alizaliwa vizuri kabisa, kilo tatu na kitu, akanyonya, akanenepa, wageni wakaja kumuona wakasema mashallah. Alafu ngiri ikatokea, akafanyiwa opresheni, ikaisha. Alafu masikio, kila mwezi usaha, kila mwezi antibayotiki. Pua haikauki, usiku anakoroma mpaka wa chumba cha pili wanamsikia. Kitovu kimetokeza. Kichwa ni kikubwa kidogo, lakini baba yake nae ana kichwa kikubwa. Na ukimkalisha, pale chini mgongoni kuna kanundu, kadogo tu, watu wanasema kataisha akianza kutembea.

Kila kimoja hapo peke yake sio kitu. Kwetu watoto wangapi wana vitovu vilivyotokeza, na vingi vinaingia vyenyewe mtoto akikua, ndio maana hakuna anaeshtuka. Ni vikikusanyika kwa mtoto mmoja ndio vinasema kitu, na shida ni kwamba havikusanywi: ngiri iko kwa daktari wa upasuaji, masikio yako kwa daktari wa masikio, mgongo uko kwa mtu wa mazoezi ya viungo, na kila mmoja anaona kipande chake, anatibu kipande chake, anakuambia rudi baada ya miezi sita.

Mimi ni mama mkubwa wa mtoto wa namna hiyo. Mdogo wangu na mume wake wanaishi Uingereza, kaskazini huko, na mimi nakaa mtaa wa pili kutoka kwao, kwaiyo karibu yote haya nimeyaona kwa macho yangu. Tulizungushwa miezi mingi. Hospitali siitaji na sitaitaja. Aliyekuja kukusanya vipande alikua daktari kijana, bado yuko mafunzoni, siku ambayo mtoto kapelekwa kwa kifua tu. Alimvua nguo zote, akampitisha kidole mgongoni, akamnyanyua mikono akaona mabega hayapandi mpaka juu, akamulika macho akaona kuna ukungu mwepesi. Alafu akakaa kwenye kompyuta akasoma faili lote kuanzia siku ya kuzaliwa huku wagonjwa wengine wanasubiri nje. Akaomba mkojo na damu. Mkojo ulikua na sukari ndefu ambazo wataalamu wanaziita GAG, ziko juu mno, na damu ikaonyesha enzaimu moja, yaani kimojawapo cha vitu vinavyovunjavunja mabaki mwilini, haifanyi kazi kabisa. Mtoto alikua na miezi kumi na moja.

Ugonjwa unaitwa Hurler. Jina la kitabuni ni mukopolisakaridosisi ya kwanza, MPS I, na Hurler ndio ile aina yake kali. Gertrud Hurler alikua daktari wa watoto Ujerumani, aliuandika mwaka 1919 akiwa München. Ni ugonjwa adimu, kwa makadirio mtoto mmoja katika kila laki moja wanaozaliwa, na ndio maana daktari anaweza kufanya kazi mpaka anastaafu asikutane nao hata mara moja.

Kinachotokea ni hivi. Ndani ya kila seli ya mwili kuna vijifuko vinaitwa laisosomu, kazi yao ni kuvunjavunja mabaki ili yatumike tena. Kila aina ya mabaki ina enzaimu yake. Mtoto wa Hurler hana enzaimu inayoitwa alfa-L-iduronidasi, kwaiyo zile sukari ndefu zinazojenga gegedu, ngozi, vali za moyo, zikishatumika hazivunjwi, zinabaki. Fikiria mtaa ambao gari la taka limeacha kuja: wiki ya kwanza hakuna anaejali, mwezi wa tatu njia haipitiki. Ini linavimba, bandama inavimba, vali za moyo zinakua nene, ulimi unakua mkubwa, mifupa inajengeka vibaya, kioo cha jicho kinaingia ukungu, na ubongo unajaa polepole mpaka mtoto aliyekua ameanza kusema maneno anaanza kuyapoteza. Bila matibabu wengi hawafikishi miaka kumi. Na mwaka ule wa kwanza ndio unadanganya, kwa sababu mtoto anacheka, anacheza, anakua hata kwa haraka kuliko wenzake.

Kwetu Tanzania selimundu inafahamika, kwaiyo urithi wake ni rahisi kuuelewa. Baba ana jeni moja mbovu na moja nzima, mama hivo hivo, wote wazima wa afya, na kila mimba wanayopata ina nafasi ya robo kwamba mtoto atachukua mbovu zote mbili. Jeni hiyo inaweza kutembea kwenye ukoo vizazi na vizazi bila mtu kujua, ndio maana kusema "kwetu hakuna ugonjwa huo" haisaidii chochote. Sisi watu wa pwani na ndugu zetu wa Oman tunaooana mtu na binamu yake, nafasi ya wote wawili kubeba jeni ile ile inapanda, hiyo ni hesabu tu. Nasema hivi kwa sababu ndani ya wiki ile ile ya majibu tayari kuna shangazi mtu upande wa pili alishaanza kusema mke ndio kaja na ugonjwa. Haiwezekani. Mtu mmoja peke yake hawezi kuuleta, lazima wawili. Mama yetu alipiga simu kutoka Tanga, kitu cha kwanza akauliza ni nani kamtupia mtoto jicho, nikamwambia mama, hakuna aliyemfanyia kitu, ni jeni, moja kutoka kwa mwanao na moja kutoka kwa mkweo, na hakuna kati yao aliyejua. Akanyamaza. Alafu akasema, "Basi mwanangu, hao madaktari waambie wafanye haraka." Alikua hajaelezwa chochote kuhusu matibabu, lakini alisema neno ambalo madaktari wenyewe wangekuja kulirudia kila tulipokaa nao.

Sasa kwa nini upandikizaji wa seli shina, zile seli mama zinazozaa damu, kitu ambacho wengi wetu tunakijua kwa saratani ya damu, unamsaidia mtoto ambaye damu yake haina shida yoyote? Hili lilinisumbua sana na nilisoma mpaka nikaelewa, na kwakweli ni moja ya mambo mazuri kabisa niliyowahi kusoma kuhusu mwili wa binadamu.

Mwaka 1968, huko Bethesda Marekani, kwenye taasisi ya taifa ya afya, Elizabeth Neufeld na mwenzake Joseph Fratantoni walikua wanakuza seli za ngozi za wagonjwa kwenye visahani vya maabara. Kulikua na seli za mgonjwa wa Hurler, na seli za mgonjwa wa Hunter, ambao ni ugonjwa wa jamii hiyo hiyo lakini enzaimu inayokosekana ni nyingine. Kila moja ikiwa peke yake ilikua inajaa zile sukari. Walipozichanganya kwenye kisahani kimoja, zote mbili zikaanza kusafika. Yaani seli moja inatoa nje enzaimu ambayo mwenzake hana, na yule jirani anaidaka anaiingiza ndani anaitumia. Maana yake ni kubwa sana: huhitaji kurekebisha kila seli ya mtoto. Ukiweza kumuwekea ndani ya mwili seli za mtu mzima wa afya zinazomwaga enzaimu, seli zake mwenyewe zitajihudumia kwa jirani.

Na seli gani zinasambaa mwili mzima? Za damu. Mwaka 1980, London, daktari Jack Hobbs na timu yake ya hospitali ya Westminster walimpa mtoto wa Hurler uloto wa mtu mwingine, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wakaandika matokeo kwenye jarida la Lancet mwaka 1981. Ini na bandama vikapungua, ukungu wa macho ukapungua. Seli shina za mchangiaji zinakaa ndani ya mifupa ya mtoto na kuzaa damu mpya maisha yake yote, na baadhi ya seli nyeupe za damu hiyo hazibaki kwenye mishipa, zinaingia kwenye ini zinakaa, zinaingia kwenye mapafu, na zinaingia mpaka kwenye ubongo, zinachukua nafasi za zile seli za ulinzi za ubongo zinazoitwa maikroglia, na kutoka hapo zinatoa enzaimu kwa majirani zao. Hiyo ya ubongo ndio siri yote. Kuna enzaimu ya kutengenezwa kiwandani, laronidasi, ilipitishwa 2003, inaingia kwa dripu kila wiki na inasaidia sana ini, pumzi, viungo, mtoto wetu nae alipewa wakati tunasubiri ili apate nguvu. Lakini damu na ubongo vina ukuta kati yake, dawa ya dripu haiuvuki. Seli inavuka.

Ila seli haivuki leo na kesho. Kuingia kwenye ubongo na kuenea kunachukua miezi, na miezi hiyo yote ugonjwa nao unaendelea na kazi yake. Kilichokwisha kuharibika kwenye ubongo hakirudi. Kwaiyo upandikizaji haumrudishi mtoto pale alipokua, unamsimamisha pale atakapokua seli zitakapofika, na ndio maana vituo vingi vinataka mtoto wa Hurler apandikizwe kabla hajafikisha miaka miwili, miwili na nusu, na akili yake ikiwa bado haijaanza kurudi nyuma. Mwaka 2015 ilichapishwa ripoti ya matokeo ya mda mrefu ya watoto 217 wa Hurler waliopandikizwa katika nchi mbalimbali kati ya 1985 na 2011, na waliofanya vizuri zaidi walikua wale waliopandikizwa wakiwa wadogo, wakiwa bado na uwezo wao wa akili, na ambao baada ya upandikizaji enzaimu kwenye damu yao ilifika kiwango cha kawaida kabisa.

Kwaiyo unakaa mbele ya daktari na mtoto yuko mapajani anavuta kalamu ya daktari mfukoni, na unaambiwa mtoto huyu tunataka kumpa kemo ya kuua uloto wake wote, tunataka tufanye hivo karibuni, na hatuwezi kukuahidi kwamba atatoka. Busulfani, fludarabini, na dawa ya kushusha kinga. Wanakuambia pia kwamba kuna uwezekano mkubwa dawa hizo zitamfanya asiweze kuzaa akiwa mtu mzima, kitu ambacho ni kizito kukifikiria kwa mtoto ambaye hata kutembea bado.

Shemeji alikataa kwanza. Na mimi namuelewa. Kama mtoto angekua mahututi kitandani, mtu angesaini kwa mikono miwili. Lakini huyu alikua anacheka. Unampeleka mtoto anaecheka kwenda kupewa kitu kitakachomfanya atapike, nywele zitoke, mdomo uwe vidonda asiweze kumeza mate, na kuna watoto wanaofia humo humo. Usiku mmoja alikuja kwangu, kakaa jikoni, akaniuliza, "Shem, wewe ungekua mimi ungesaini?" Nikamwambia shem, mimi naona tunalinganisha vibaya, tunalinganisha hatari ya matibabu na mtoto wa leo. Mtoto wa leo hayupo kwenye machaguo, hata tukimuacha hatabaki huyu. Tulinganishe na mtoto wa miaka minne ambae hajui jina lake. Alilia, na mimi nikalia. Alisaini baada ya siku chache, wala sio kwa sababu yangu, ni baada ya kuongea na baba mwingine ambae wanae wawili walikua na Hurler, mkubwa aligundulika akiwa amechelewa, mdogo akapimwa mapema kwa sababu ya kaka yake na akapandikizwa. Yule baba hakumshauri kitu, alimuonyesha video za watoto wote wawili.

Mchangiaji nae ni hadithi yake. Mtoto ana dada, na kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya robo tu ya kumechi zile alama za HLA, ambazo mwili unazitumia kutambua seli zake na za mgeni. Dada hakumechi. Na hata angemechi, kwa ugonjwa huu wanaangalia pia kama ndugu amebeba jeni moja mbovu, kwa sababu enzaimu yake inakua pungufu, na ndugu mzima wa mtoto mgonjwa ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa amebeba. Wakaenda kwenye rejista. Rejista ya kwanza duniani ya wachangiaji wa uloto ni Anthony Nolan ya London, ilianzishwa 1974 na mama mmoja, Shirley Nolan, kwa ajili ya mwanae, na mtoto akafariki 1979 bila kupata mchangiaji. Leo rejista za dunia zina mamilioni ya watu. Lakini sisi hatumo. Utafiti wa rejista ya Marekani uliochapishwa 2014 ulionyesha mzungu mwenye asili ya Ulaya ana nafasi ya asilimia 75 ya kupata mtu wa kumechi vizuri kabisa, wakati mtu mweusi mwenye asili ya Amerika ya Kusini au ya Kati ana asilimia 16. Sababu ni mbili na zinaumana: sisi watu wenye asili ya Afrika tuna mchanganyiko mwingi zaidi wa alama hizo kuliko watu wengine wote, kwaiyo tunahitaji watu wengi zaidi kwenye orodha ili kumpata mmoja, na ndio sisi tulio wachache kwenye orodha. Tulitafutiwa, hakupatikana mtu mzima wa kumechi. Naomba kila Mswahili aliyeko Uingereza, Ujerumani, Marekani, Kanada anaesoma hapa na bado ni kijana ajiandikishe. Ni kupakaza pamba ndani ya shavu na kuirudisha kwa posta.

Kilichomuokoa ni damu ya kitovu. Mwanamke akishajifungua, kwenye kondo la nyuma na kwenye kitovu inabaki damu, kidogo tu, na hiyo damu imejaa seli shina. Kwetu kondo linazikwa, na nina heshima na hilo. Huko kuna hospitali ambazo mama anaombwa ruhusa, damu inakamuliwa kwenye mfuko, inapimwa, inagandishwa kwenye naitrojeni ya maji, na inakaa kwenye benki miaka na miaka ikisubiri mtu. Upandikizaji wa kwanza wa damu ya kitovu ulifanyika Paris mwaka 1988, hospitali ya Saint-Louis, Eliane Gluckman akimpa mtoto wa kiume kutoka North Carolina damu ya kitovu cha dada yake aliyekua kazaliwa karibuni. Alafu daktari Joanne Kurtzberg na wenzake wa chuo kikuu cha Duke, huko huko North Carolina, wakaipeleka kwenye magonjwa haya ya kurithi. Mwaka 2004 walichapisha habari za watoto 20 wa Hurler waliopewa damu ya kitovu ya watu wasio ndugu zao, 17 kati yao walikua hai. Uzuri wake ni kwamba seli hizo ni changa, hazijajifunza ugomvi, kwaiyo hata zisipomechi alama zote mwili unazivumilia kuliko uloto wa mtu mzima, na mfuko uko tayari kwenye friza, humsubiri mtu apate likizo kazini. Kwa ugonjwa unaokimbizana na wewe hilo la pili ni kubwa sana.

Siku ya kupandikiza wenyewe wanaiita siku ya sifuri. Watu wanafikiri ni opresheni, sio opresheni. Nesi alikuja na kamfuko kadogo, wakakayeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, ikapita kwenye mpira wa kifuani, na haikuchukua hata saa. Chumba kizima kilinuka mahindi ya kuchemsha na kitunguu saumu, ile dawa ya kuhifadhia ndio harufu yake inatoka kwenye pumzi ya mtoto. Mdogo wangu alikua anasoma Yasini kimya kimya, na shemeji kashika mguu wa mtoto. Alafu basi, mnasubiri. Damu ya kitovu inachelewa kushika, mara nyingi wiki tatu au zaidi, na mda huo mtoto hana kinga yoyote, mafua ya kawaida yanaweza kummaliza, chumba kina milango miwili, ukiingia unanawa mpaka kwenye viwiko. Kila asubuhi wanatoa damu kuangalia nyutrofili, zile seli nyeupe za kupigana na maambukizi. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mdogo wangu alikua anaandika namba kwenye karatasi ukutani, na siku ilipotokea namba isiyo sifuri alinipigia hawezi kuongea, nikadhani mtoto amefariki.

Baada ya hapo ukaja upele, seli za mgeni zikaanza kugombana na ngozi ya mwenyeji, akapewa steroidi na saiklosporini za kutuliza ugomvi huo, presha ikapanda, akarudi hospitali baada ya kuruhusiwa, mambo mengi ambayo sitayaandika yote. Chanjo zote alizopewa akiwa mchanga zilifutika, akaanza upya. Lakini enzaimu ilipanda. Walipopima damu, seli zote ni za mchangiaji na enzaimu iko kawaida. Mahali fulani kuna mtoto, saivi ameshakua, ambae damu ya kitovu chake inaishi ndani ya mtoto wetu, na mama yake alikubali tu kabla hajaenda leba, hajui na hatajua.

Nimesema sana kuhusu kuwahi, na ushahidi mkali kuliko wote naujua kutoka ugonjwa mwingine wa jamii hii, Krabbe, ambao unakula ganda la mishipa ya fahamu kwa kasi kubwa zaidi. Mwaka 2005 timu ya Duke ilichapisha matokeo ya watoto wachanga 11 waliopandikizwa ndani ya wiki chache za kuzaliwa, kabla ya dalili yoyote, kwa sababu familia ilishajua ugonjwa, na wengine 14 waliopandikizwa baada ya dalili kuanza. Wale 11 wote walikua hai. Wale 14, asilimia 43. Damu ni ile ile, dawa ni zile zile, kilichotofautiana ni kalenda. Jimbo la New York likaanza 2006 kupima Krabbe kwa kila mtoto anaezaliwa, kwa lile tone la damu la kisiginoni.

Na hapa lazima niseme ukweli wote kwa sababu mama anaesoma anastahili ukweli wote. Ndani ya miaka minane New York ilipima watoto karibu milioni mbili na kupata watano wenye Krabbe ya utotoni. Wanne walipandikizwa. Wawili wakafa kwa matatizo ya upandikizaji wenyewe, wawili walioishi wana ucheleweshaji wa kati mpaka mkubwa, na wa tano ambae hakutibiwa alikufa kwa ugonjwa. Kwaiyo kuwahi peke yake hakutoshi, inategemea ugonjwa upi, na Krabbe sio Hurler. Kwa Hurler mlango unabaki wazi mda mrefu zaidi, ndio maana Marekani iliuingiza kwenye orodha ya vipimo vya watoto wachanga mwaka 2016, na mimi naona nchi yenye uwezo wa kupandikiza na isiyopima inawaacha watoto wapotee huku tiba ikiwa ndani ya jengo. Huku Uingereza kipimo cha kisigino kipo, Hurler haimo.

Nyumbani je? Watu wananiuliza sana. Tanzania upandikizaji wa uloto umeanza, hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma imeshapandikiza watoto wenye selimundu kwa uloto wa ndugu zao, na jamani hilo ni jambo kubwa mno, kwa sababu wodi ile ile, manesi wale wale, maabara ile ile ndio inayohitajika kwa magonjwa haya. Kinachokosekana zaidi ni hatua ya kwanza, kuujua. Na hatua ya kwanza haihitaji mashine kubwa: damu ya kupima enzaimu inaweza kudondoshwa kwenye karatasi maalumu, ikakauka, ikawekwa kwenye bahasha na kutumwa kwenye maabara ya nchi nyingine bila barafu. Daktari wa wilayani anaweza kufanya hivo, akiwaza tu kwamba ngiri na masikio na kanundu ka mgongoni ni mtoto mmoja.

Kuna kipya pia. Milano, kwenye taasisi ya San Raffaele-Telethon, wanachukua seli shina za mtoto mwenyewe, wanaziwekea jeni nzima kwa kutumia kirusi kilichofugwa, wanamrudishia. Hakuna kutafuta mchangiaji, hakuna seli za mgeni kugombana na mwenyeji, na enzaimu inatoka nyingi kuliko hata ya mtu wa kawaida. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya watoto 8 wa Hurler. Kwa ugonjwa ndugu yake, unaoitwa kwa kifupi MLD, ambao nao unakula ganda la mishipa ya fahamu, dawa ya namna hiyo ilipitishwa Ulaya Desemba 2020, na bei yake ya orodha Uingereza ni zaidi ya pauni milioni 2.8 kwa mtoto mmoja. Kemo bado ipo. Na kuwahi bado kupo, wenye aina ya utotoni wakishaanza dalili hawapewi, kwaiyo kuna familia ambazo mdogo anatibiwa kwa sababu mkubwa ameshachelewa, na mzazi anawapakata wote wawili kwenye chumba kimoja cha kusubiria.

Mtoto wetu anasoma. Anaongea Kiswahili na Kiingereza, anavaa vifaa vya masikio na miwani, anajua kubishana. Mifupa ndio haikupona, na hilo tuliambiwa mapema: enzaimu inafika kwenye mifupa kidogo sana, kwaiyo nyonga zilishafanyiwa opresheni, mgongo unapigwa picha kila mwaka, na yeye ni mfupi kuliko wenzake wote darasani. Saivi ni mikono. Watoto hawa mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja unabanwa na vidole vinakufa ganzi, na wao hawalalamiki kwa sababu hawajui kwamba vidole vya wengine haviko hivo, ndio maana wanapimwa kwa mashine hata bila malalamiko. Wake umeonekana umebanwa mikono yote miwili. Mkono wa kulia unafunguliwa mwezi ujao, wa kushoto baadae, na yeye ameshaniambia, "Mama mkubwa, utanisaidia kuandika homuweki," nikamwambia nitaandika, wewe utanisomea majibu.